Kijiko cha maziwa kwenye supu ya kuku

Mi ni msimamizi wa walezi wa majumbani hapa kaskazini mwa London, maeneo ya Golders Green na Hendon ambako Wayahudi ni wengi, na kwenye rota yangu, yaani ratiba ya zamu, watu wa kwetu wamejaa, Wabongo, Wakenya, Waganda. Mtu akija mpya huwa namsimulia kwanza nilivyoharibu mimi.

Nimekulia Tanga, nyumba ya Kiislamu, sasa siku ya kwanza kupelekwa kwa bibi wa Kiyahudi nikajidai najua, si hawali nguruwe tu kama sisi. Nikampashia supu ya kuku, nikaikoroga na kijiko nilichookota droo ya juu. Kumbe droo ya vyombo vya maziwa! Bibi wala hakufoka, alikiangalia kile kijiko, akaniangalia mimi, akasema hana njaa, akakaa na njaa yake hivyo hivyo mpaka binti yake alipokuja jioni ndo nikaelezwa. Torati imekataza mara 3 kumpika mwanambuzi kwenye maziwa ya mama yake, na walioshika dini hapo ndo wanatenganisha nyama na maziwa mpaka sufuria na sponji, na wengi wakishakula nyama wanasubiri masaa 6 ndo waguse maziwa. Kwahiyo ile chai ya maziwa unayompelekea baada ya chakula ukidhani unamdekeza, hapana. Siku hizi tunaomba familia ibandike stika, nyekundu nyama, bluu maziwa. Ila uliza kwanza jamani, maana nina mzee mmoja anakula bekoni kila Jumapili na ukimletea habari za sinagogi anakufukuza.

Halafu Ijumaa. Sabato inaingia na jua, sio na saa ya ofisini. Desemba hapa jua linazama kabla ya saa kumi jioni, Juni linapitiliza saa tatu usiku, sasa mtu wa rota akikupangia Ijumaa saa kumi na moja mwaka mzima, msimu wa baridi unafika chakula hakijapashwa na mwenyewe hawezi kugusa jiko wala swichi mpaka Jumamosi usiku. Na wengine hawatakuambia washa taa, kukuagiza waziwazi wanaona ni kama wamewasha wenyewe, atasema tu "mbona humu giza". Fumbo hilo, ling'amue. Ila mtu akianguka au akibanwa na kifua piga 999 hapo hapo, Sabato au sio Sabato, dini yao yenyewe inasema kuokoa roho kunatangulia.

Kinachonikera ni zile ziara za dakika 15. Kanuni ya 10 ya sheria za huduma za afya na ulezi za mwaka 2014 huku England inadai utu na heshima kwa mteja, na NICE, wale wanaotoa miongozo ya afya, walishasema 2015 kwamba chini ya nusu saa isiwe kawaida, lakini bado naletewa dakika 15 za kumwogesha mtu wa miaka 90. Dakika 15 unaosha gari bana.

Na kuna waliopona kambi za Wanazi, ambao sasa wote wamevuka 80. Akili ikianza kupotea ya jana yanafutika, ya utotoni yanarudi, hata Kiingereza kinaondoka anabaki na Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, au Kihangari. Mama mmoja alikuwa akisikia shawa inafunguliwa anang'ang'ania fremu ya mlango analia, na walezi wawili walishaandika "mkorofi, anakataa kuoga". Kule Auschwitz, moja ya kambi hizo, watu waliambiwa wanaenda kuoga, wakaingizwa kwenye vyumba vya gesi ya sumu. Tukaachana na bafu. Beseni la maji ya moto chumbani, mlango wazi, kitambaa anashika mwenyewe, tunaosha mkono tunafunika, mguu tunafunika, na kila hatua anaambiwa kabla hajaguswa. Inachukua dakika 50 na halii.

Huyo huyo anaficha mkate chini ya mto, njaa ya kambini haijamtoka. Mlezi mpya aliutupa, akidhani anafanya usafi, usiku kucha mama akapekua kitanda. Sasa kwenye faili lake tumeandika: asubuhi toa uliokauka, weka vipande 2 vipya, pale pale.