Usugu wa antibiotiki: kinachozoea dawa si mwili

Mtu akimaliza dozi bila kupata nafuu, utasikia wakisema, "Mwili wake umeshazoea dawa." Imani hii imeenea mno. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya kuwahoji watu wapatao 10,000 katika nchi 12, na asilimia 76 waliamini kwamba usugu hutokea pale mwili unapoizoea antibiotiki. Ukweli ni kwamba wanaokuwa sugu ni bakteria wenyewe.

Antibiotiki ni dawa ya kuua bakteria au kuwazuia wasizaliane. Penisilini, kwa mfano, huvuruga ujenzi wa ukuta unaoizunguka seli ya bakteria, hadi seli inapasuka. Seli zetu hazina ukuta wa aina hiyo, ndiyo maana dawa humshambulia bakteria ikamwacha mgonjwa. Virusi navyo havina, na mafua huletwa na virusi. Hata hivyo, asilimia 64 ya waliohojiwa walidhani antibiotiki hutibu mafua. Siwashangai. Mafua huisha yenyewe baada ya siku kadhaa, kwa hiyo aliyemeza vidonge siku ya tatu akaamka mzima siku ya saba atavipa vidonge sifa zote.

Sasa usugu wenyewe. Katika kundi kubwa la bakteria huwapo wachache waliotofautiana na wenzao kidogo tu katika jeni. Mmoja anatengeneza kimeng'enya cha kuivunja penisilini, mwingine anaisukuma dawa nje ya seli kila inapoingia. Kabla ya dawa, hao wamemezwa na wingi wa wenzao. Dawa ikija, wanyonge wanakufa na wachache wale wanabaki na nafasi yote na chakula chote. Bakteria aina ya E. koli, akipata mazingira mazuri, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Tena bakteria hupeana jeni za usugu, hata wa jamii tofauti. Kumbuka pia kwamba utumbo umejaa bakteria wasio na madhara. Kidonge kilichomezwa bure kwa ajili ya mafua kinawafikia na hao, na kuwachuja vilevile.

Ndiyo maana kauli ya "mwili umezoea" inanisumbua. Inamfanya mtu aone usugu kuwa shauri lake mwenyewe, ilhali bakteria sugu huhama kwa mikono, kwa maji, kwa chakula. Mtoto ambaye hajawahi kumeza antibiotiki anaweza kuambukizwa bakteria ambao tayari ni sugu. Inakadiriwa kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani.

Vile vidonge vinne vya rangi mbili vilivyobaki kwenye droo, vikisubiri kikohozi kijacho, pengine si dawa ya ugonjwa huo, na havitoshi dozi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba kumeza dawa pungufu huwafundisha vijidudu kuihimili. Siku za dozi anazipanga mtaalamu. Kwa baadhi ya magonjwa imethibitika kuwa siku chache zinatosha, lakini asiyepimwa hawezi kuzikata kwa kukisia.

Maabara huonyesha jambo hili waziwazi. Bakteria waliooteshwa kutoka kwenye mkojo au usaha wa mgonjwa hupakwa kwenye kisahani chenye chakula chao, kisha juu yake huwekwa vikaratasi vidogo vya mviringo vilivyolowekwa dawa mbalimbali. Kesho yake, dawa inayofanya kazi imezungukwa na duara tupu lisilo na bakteria. Dawa iliyoshindwa, bakteria wameota hadi ukingoni mwa kikaratasi chake. Na mwili wa mgonjwa haumo kisahanini.