Haiba ya mtoto haipunguzi pointi za tahasusi

Matokeo ya Kidato cha Nne yakishatoka, wazazi wa hapa Tanga, kuanzia Ngamiani, Pongwe hadi Muheza, hufika kwenye dawati letu la ushauri wa taaluma na karatasi mkononi: majibu ya "kipimo cha haiba" walichouziwa kwa simu. Mtoto ni melankoliki, basi awe mhasibu. Na tahasusi, yaani masomo matatu atakayosoma Kidato cha Tano, ibadilishwe leo leo.

Tuelewane. Sangwini, koleriki, melankoliki na flegmatiki, zile haiba nne za kwenye vipimo hivyo, ni mabaki ya tiba ya kale ya Wagiriki, walioamini kuwa mwili unaendeshwa na damu, kohozi na nyongo za aina mbili. Hakuna chuo kinachodahili kwa nyongo.

Dodoso letu, yaani orodha ya maswali ya kumsaidia mtoto kuchagua kazi, linafuata nadharia ya John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuichapisha mwaka 1959. Mielekeo ni sita: vitendo, uchunguzi, sanaa, kuhudumia watu, ushawishi na biashara, na utaratibu wa kiofisi. Mtu hasomewi mmoja, husomewa mitatu inayoongoza. Na linapima anachokipenda, si anachokiweza. Bandari ya Tanga pekee ina waendesha kreni, mafundi, mawakala wa forodha na wahasibu, kwa hiyo "anapenda bandari" bado si jibu. Wala ukimya haumzuii mtoto kuwa wakili. Sehemu kubwa ya kazi ile ni kusoma na kuandika.

Sasa utaratibu. Tahasusi au kozi hubadilishwa na mhitimu mwenyewe kwenye Selform, mfumo wa mtandaoni wa TAMISEMI (ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), kwa namba yake ya mtihani, ndani ya muda uliotangazwa. Muda ukipita umepita; barua ya mshauri, hata yangu, haifungui mfumo. Pointi za masomo matatu ya tahasusi hujumlishwa, A ikiwa 1, B 2, C 3 na D 4, na jumla isizidi 10. Mwenye D ya Fizikia, D ya Kemia na C ya Baiolojia ana 11. PCB, tahasusi ya masomo hayo matatu, hapati, haiba iwe iwavyo. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa zikafika 65, zikiwemo za muziki na sanaa za maonyesho, ila hizo wazazi hawaziulizii.

Kuhusu wauza vipimo wanaochukua jina la mtoto, shule na namba ya mzazi: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mkusanyaji asajiliwe na aeleze madhumuni, na anayekiuka anakabiliwa na faini au kifungo. Malalamiko hayo hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, si kwenye dawati letu.