Kliniki ya ujauzito: maswali yanayojirudia kila siku

Mimba yangu ina miezi miwili tu na sina shida yoyote, nikimbilie kliniki ya nini saa hizi?

Ndo wakati wenyewe huo dada. Tangu 2016 WHO (Shirika la Afya Duniani) wanashauri mjamzito aonane na mhudumu walau mara 8, na ile ya kwanza iwe kabla wiki 12 hazijaisha. Zamani ilikuwa mara 4, ikaja kuonekana kwa ratiba ile watoto wengi zaidi wanapotea tumboni au siku za mwanzo. Ukiwahi wanapata presha yako ya mwanzo ya kulinganisha nayo baadae, wanapima wingi wa damu, HIV, kaswende, mkojo, unaanza vidonge vya madini ya chuma na foliki. Kaswende hasa watu wanaichukulia poa, wakati inaua mtoto tumboni na tiba yake ni sindano ya penisilini basi. Na ukianza mwezi wa saba, hata wiki za mimba zinakuwa za kubahatisha, maana ultrasaundi inakadiria vizuri umri wa mimba ikiwa bado changa.

Kila nikienda ni presha na mkojo, presha na mkojo, hawachoki?

Wasichoke! Wanawahi kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha ya ujauzito, na hakipigi hodi, unaweza kuwa na presha ya juu na ukajisikia mzima kabisa unacheka na watu. Presha ikifika 140/90 baada ya wiki 20, halafu mkojo ukaonesha protini, hapo hamna tena habari ya kurudi nyumbani kupumzika utaona kesho. Dalili zake ni kichwa kinauma na dawa hakisikii, macho yanaona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono inavimba ghafla. (Miguu kuvimba jioni peke yake ni kawaida kwa wengi, ila itaje tu wakupime.) Mtu akianza degedege anachomwa magnesiamu salfeti, dawa ya siku nyingi na sio ya gharama, lakini kinachomaliza tatizo ni kuzalishwa. Kama mimba iliyopita ulipata hili sema siku ya kwanza kabisa, kuna aspirini ya dozi ndogo ambayo inatakiwa ianze kabla ya wiki 20, ila usijinunulie mwenyewe.

Kwani bado kuna wanawake wanakufa kwa uzazi zama hizi?

Wapo, na ni wengi. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2023 ni kama wanawake 260,000 dunia nzima, yaani zaidi ya 700 kila siku, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 ni wa nchi za kipato cha chini na zile zinazozifuatia kwa kipato. Vingi ya vifo hivi vingezuilika, ndo kinachouma.

Kinachoongoza kuua ni damu. Kondo likishatoka mji wa mimba unatakiwa ukaze kama ngumi ili mishipa iliyokuwa inalisha kondo ibanwe, ukilegea damu inamwagika na mtu mzima wa afya anaweza kuondoka ndani ya masaa machache. Ndo maana mtoto akitoka tu mama anachomwa oksitosini, dawa ambayo inataka friji, nyuzi 2 mpaka 8, kituo kisichokuwa na umeme wa uhakika kinaweza kukuchoma dawa iliyokwisha nguvu bila mtu kujua. Af kuna tatizo la kukadiria damu kwa macho, nesi anaangalia shuka anasema ni kidogo kumbe imeshapita nusu lita. Utafiti uliotoka 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia nailoni yenye alama za vipimo inayowekwa chini ya mama, ikikusanya damu inayofika kwenye alama wanaanza tiba zote kwa pamoja badala ya moja moja, na madhara makubwa ya kuvuja damu yakapungua kwa 60%. Nailoni tu jamani!

Mbona wengine wanafika hospitali na bado wanafariki?

Mara nyingi saa zimeshaliwa huko nyuma. Watafiti wawili, Thaddeus na Maine, mwaka 1994 waligawa kuchelewa kwenye mafungu matatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Mi naona hilo la kwanza ndo linaongelewa sana kwa sababu ni rahisi kumlaumu mama, wakati mama yuko chali anavuja damu na anayeshika hela hapokei simu. Kwa iyo pangeni mapema nani anaamua kama mume hayupo, usafiri wa usiku wa manane ni wa nani na nani anaweza kutoa damu. Hilo la tatu, la kufika ukakuta hamna damu wala wa kufanya upasuaji, familia haiwezi kulitatua, hapo tuwadai wenye mamlaka.

Nimeshajifungua salama, kliniki si imeisha?

Bado. Ukijifungulia kituoni kaa walau masaa 24, halafu urudi siku ya pili au ya tatu, kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na wiki ya sita. Usisubiri tarehe kama pedi inalowa yote ndani ya saa moja, una homa, uchafu unanuka, mguu mmoja umevimba na unauma, au kichwa kinapasuka, maana kifafa cha mimba kinaweza kuja hata mtoto akiwa ameshazaliwa. Na ukiona wiki mbili zimepita bado unalia lia, hulali hata mtoto akilala, kasemeni na hilo huko huko, linatibika.