Jikaze, Itapoa: Tunayoambiwa Wakimbiaji Tukiumia

Dhana: Mkimbiaji wa kweli hukimbia na maumivu yake.

Hapa Tanzania ukibisha utatajiwa John Stephen Akhwari. Mexico City, 1968: alianguka kwenye marathoni, goti likateguka, akafungwa bandeji na kuingia uwanjani akichechemea, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Akawa wa 57, wa mwisho. Bado inanisisimua. Ila ile ilikuwa Olimpiki, siku yenyewe. Wewe unachechemea kwenye mazoezi ya Jumanne, ambayo yangeweza kungoja. Tena watu hukumbuka kule kuchechemea tu. Wachache hutaja kwamba mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alimaliza wa tano.

Dhana: Jeraha lolote dawa yake ni kupumzika.

Ukweli: Kwanza ujue kilichoumia. Mfupa na kano havitaki kitu kimoja. Ufa mwembamba wa mfupa, unaoletwa na hatua zilezile maelfu kwa maelfu, unataka uache kukimbia, mara nyingi wiki 6 hadi 8. Maumivu yake kwa kawaida unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja. Yakitandaa kwenye ugoko mzima, huenda si ufa. Na eksirei isikudanganye. Yangu ilitoka safi, nikashangilia, nikarudi barabarani, na baada ya wiki mbili nikashindwa hata kushuka ngazi. Ufa mchanga mara nyingi hauonekani kwenye eksirei wiki 2 au 3 za mwanzo, kipimo cha MRI huuona. Na kwa dada aliyekosa hedhi miezi kadhaa, chanzo cha ufa kinaweza kuwa sahani: anakula pungufu ya anachotumia.

Kano ya kisigino ni kinyume. Ikikaa bure muda mrefu huzidi kudhoofika, na ukirudi inauma vilevile. Mwaka 1998 daktari Msweden Håkan Alfredson na wenzake walichapisha zoezi linalotumika hadi leo: unasimama kwa ncha za vidole ukingoni mwa ngazi, unashusha kisigino polepole, mara 180 kwa siku, wiki 12. Linachosha, linauma kidogo, na uvumilivu wetu wa kilomita 30 huishia hapo kwenye ngazi.

Dhana: Barafu, kuchua na vidonge vya maumivu kama diclofenac, basi.

Gabe Mirkin, daktari Mmarekani aliyeeneza ushauri wa barafu mwaka 1978, alikiri mwenyewe baadaye kwamba inaweza kuchelewesha kupona. Kutuliza maumivu kidogo, sawa. Kuchua kwa nguvu msuli uliochanika leo ni kuuchokonoa. Vidonge kabla ya mbio ndefu huficha onyo la mwili, na huzitwisha figo mzigo wakati mwili umeishiwa maji.

Dhana: Wiki tatu nje, umerudi sifuri.

Hapana. Wanariadha waliopimwa baada ya kuacha mazoezi kabisa walipoteza karibu asilimia 7 ya uwezo wa mwili kutumia oksijeni katika wiki 3. Baiskeli, au kukimbia ndani ya maji ya kina, hupunguza hasara hiyo. Kenenisa Bekele, mkimbiaji wa Ethiopia, alisumbuliwa na majeraha miaka mingi. Berlin 2019, akiwa na miaka 37, alikimbia marathoni kwa saa 2:01:41.

Dhana: Kuhuzunika ni kudeka.

Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kila siku, akiumia hapotezi mguu tu. Anapoteza kundi, salamu za njiani, usingizi mzito wa mtu aliyechoka, hata jina, maana mtaani walishazoea kumwita mwanariadha. Mimi nilipita njia za nyuma nisikutane na wenzangu. Kocha ndiye aliyenipata, akanipa saa: “Njoo uwapimie muda.” Nikawa nawasomea kila mzunguko, kwa wivu, lakini nilikuwepo. Kwa wengine hilo halitoshi. Usingizi na hamu ya chakula vikipotea zaidi ya wiki mbili, mweleze daktari kama unavyomweleza habari za ugoko.

Hofu nayo hubaki baada ya mfupa kuunga. Siku ya kurudi nilikimbia dakika moja, nikatembea moja, hadi zikafika 20, masikio yote yakiwa mguuni.