Jumapili ilikuwa siku ya farasi

Nianze na farasi mmoja jike, kahawia, miaka 11, nilimkuta Jumamosi moja ya mwisho wa Novemba amesimama kwa miguu mitatu nyuma ya banda, mguu wa nne ameunyanyua na damu imeshaganda mpaka kwenye ukwato. Mwenyewe alikuwa amempanda pembezoni mwa msitu, bunduki ikalia karibu, farasi akaruka, mwenye farasi akaanguka kwenye majani na farasi akaenda kuingia kwenye waya wa miiba. Hakuna aliyevunja sheria siku ile. Mwindaji alikuwa na leseni na yuko upande wake, mpandaji yuko upande wake, msimu ulikuwa wazi.

Kidonda kilikuwa karibu kabisa na kifundo cha mguu, na kwa farasi hapo ndo pa kuogopa kuliko ukubwa wa kidonda chenyewe. Nikamnyoa manyoya, nikaosha kwa maji ya chumvi muda mrefu huku mwenyewe ameshika taa, halafu nikaingiza sindano upande wa pili wa kifundo mbali na kidonda nikasukuma maji safi ndani ya jointi taratibu huku natazama kidondani. Yakitokea pale ujue jointi imetoboka, na hapo ni upasuaji siku hiyohiyo au ndo basi tena. Hayakutoka. Yule mama akakaa chini palepale kwenye majani makavu, akaniambia, Daktari, mi sigombani na wawindaji, mume wangu ni mwindaji, nyumbani kwangu friza imejaa nyama ya swala, ila nitapanda lini sasa? Nikamjibu, si Jumapili ipo.

Hiyo Jumapili ndo naizungumzia leo, manake imeondoka, na watu wengi wa farasi ninaowahudumia huku Pennsylvania, Marekani, hawajaelewa imeondokaje na wapi wanaweza kuidai.

Kwa ndugu zangu mlio nyumbani kidogo niwaweke sawa. Kenya walifunga uwindaji 1977 kwa hiyo Mkenya wa kawaida akisikia mtu anawinda anafikiria jangili, na sisi Watanzania tunajua vitalu na wageni wa pesa nyingi. Huku sivyo. Huku fundi bomba anawinda, mwalimu anawinda, bibi anawinda, na Jumatatu baada ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya mwisho wa Novemba, shule nyingi za vijijini zilikuwa zinafungwa kabisa kwa sababu msimu wa bunduki wa swala (swala wa huku, wanaowaita deer) ulianza siku hiyo (tangu 2019 unaanza Jumamosi). Tume ya wanyamapori ya jimbo haiendeshwi na kodi ya kila mtu, sehemu ya pesa yake inatokana na leseni za wawindaji, na leseni zimeshuka: mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziliuzwa zaidi ya milioni 1.2 kwa mwaka, siku hizi hazifiki milioni 1. Ukijua hilo utaelewa kwa nini Jumapili ilikuwa inatafutwa kwa nguvu hivyo. Mtu anafanya kazi Jumatatu mpaka Ijumaa, mtoto ana mechi Jumamosi, bila Jumapili ataenda porini saa ngapi?

Katazo la kuwinda Jumapili lilikuwa na zaidi ya karne moja, lilitokana na zile sheria za zamani za kuitunza siku ya ibada. Mbweha, kayote (mbwa mwitu mdogo wa huku) na kunguru waliruhusiwa, wengine hapana. Halafu bila mtu kupanga, Jumapili ikawa ya wapandaji. Kwenye ardhi za uwindaji za jimbo, ambazo ni kama ekari milioni 1.5, farasi alikuwa anaruhusiwa kwenye njia zilizotengwa tu, na kuanzia mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Januari njia zenyewe zilikuwa zinafungwa, isipokuwa Jumapili. Soma tena hapo, isipokuwa Jumapili. Yaani miezi karibu minne ya hali ya hewa nzuri kuliko zote kwa farasi, hakuna nzi, ardhi imekauka, na mpandaji alikuwa na siku moja tu kwa wiki. Hakuna aliyeandika popote kwamba siku hiyo ni haki ya wapandaji, ilikuwa kama kivuli cha katazo la wawindaji, na katazo likiondoka kivuli nacho kinaondoka.

2019 ikapita sheria namba 107, gavana alikuwa Tom Wolf, ikafungua Jumapili tatu tu. Mi nilivyoisoma kwa mara ya kwanza nilifurahi kwa kweli, kwa sababu ndani yake kulikuwa na vitu viwili vya maana: mwindaji wa Jumapili kwenye shamba la mtu lazima awe na ruhusa ya maandishi, na kuingia ardhi ya mtu bila ruhusa likawa kosa linalojitegemea, askari wa wanyamapori hahitaji kukukamata na kosa jingine kwanza. Hivyo vilitokana na wakulima. Wakulima walikaa mezani wakasema mkitaka Jumapili tupeni hiki na hiki, wakapewa. Wapandaji wengi walikuwa wanapiga kelele "hapana" tu, na "hapana" haina kifungu, huwezi kuiandika kwenye mswada.

Halafu Julai 2025 gavana Josh Shapiro akasaini mswada wa 1431 wa Baraza la Wawakilishi, na hapa ndo watu wanachanganya. Wengi wanadhani sheria imesema sasa Jumapili zote ni za kuwinda. Haikusema hivyo. Ilichofanya ni kuliondoa katazo na kuikabidhi tume mamlaka ya kuamua Jumapili zipi, na tume kwa msimu wa kwanza ikafungua Jumapili 13, kuanzia katikati ya Septemba mpaka mapema Desemba, zote mfululizo. Zihesabu mwenyewe kwenye kalenda utaona ndo zilezile Jumapili za yule mama.

Kwa hiyo mlango umehama. Zamani ulikuwa bungeni Harrisburg, wabunge 203 na maseneta 50, mswada ukifa kwenye kamati unasubiri kikao kingine cha miaka miwili, ni kazi kubwa sana. Sasa hivi misimu inapangwa na makamishna wachache wa tume, kila mwaka, kwa kawaida wanapitisha rasimu Januari, wananchi wanatoa maoni, wanakamilisha Aprili. Kubadilisha Jumapili mbili kwenye ratiba sasa ni rahisi kuliko ilivyowahi kuwa, ila lazima uende Januari, sio Oktoba farasi ameshakatika mguu ndo unaanza kuandika Facebook.

Na mswada ukija, usisome kichwa cha habari. Fungua wenyewe. Miswada ya Pennsylvania imeandikwa vizuri, maneno yaliyopigwa mstari chini ndo mapya, yaliyo ndani ya mabano ndo yanayotolewa kwenye sheria ya zamani, basi. Anza na ya kwenye mabano. Watu wote wanakimbilia mapya, lakini kilichokuwa kinakulinda bila wewe kujua kinaondokea kwenye mabano.

Kitu kingine ninachoulizwa sana na wenye mabanda ya kupandisha watu farasi, je mpandaji akiumia kwa sababu farasi ameshtushwa na bunduki nashitakiwa mimi? Kuna sheria ya 2005 inayomkinga mwenye banda, mtu mzima anayepanda farasi kwa hiari anahesabika amekubali hatari zake, lakini kinga ipo tu ukiwa umebandika kibao chenye maneno yanayotakiwa, futi 3 kwa 2 au kikubwa zaidi, sehemu mbili au zaidi, kinaonekana wazi. Nimeingia mabanda nikakuta kibao kimoja, kimefichwa nyuma ya mifuko ya nyasi. Na inasema mtu mzima, watoto hawamo humo, kwa hiyo mwenye shule ya watoto asilale.

Kuna sheria moja inayonipa moyo. Ni ya 2017, wanaiita Sheria ya Libre, jina la mtoto wa mbwa aliyekutwa hali mbaya sana Lancaster mwaka 2016. Watu wanaijua kwa habari ya mbwa kufungwa nje, dakika 30 tu kukiwa na baridi chini ya nyuzi 0 au joto juu ya nyuzi 32, lakini kwangu mimi kubwa ni kwamba iliongeza ulinzi wa farasi, na ikamkinga daktari wa wanyama anayeripoti ukatili kwa nia njema asishitakiwe na mwenye mnyama. Kabla ya hapo ukikuta farasi amebaki mifupa unapiga hesabu mara mbili kabla ya kupiga simu. Sasa napiga, nimeshapiga.

Na ipo inayoniuma. Kupiga njiwa hai. Njiwa anawekwa kwenye boksi, boksi linafunguka, anaruka, anapigwa risasi, kwa mashindano. Huko Hegins, kaunti ya Schuylkill, ilifanyika kila mwaka tangu 1934 mpaka mahakama kuu ya jimbo ilipotoa uamuzi 1999 ukaikomesha pale, lakini uamuzi haukufunga jimbo zima, ilihitajika sheria. 2014 mswada wa kupiga marufuku ulipita Seneti, ukafika Baraza la Wawakilishi, muda wa kikao ukaisha haujapigiwa kura. Njiwa hapo haliwi. Mwindaji wa swala anakaa baridini masaa sita akisubiri mnyama akae vizuri ili afe kwa risasi moja, na wawindaji kadhaa ninaowatibia mbwa wao wameniambia mambo ya boksi yanawaaibisha. Hapo wapandaji na wawindaji wangeweza kuandika barua moja.

Yule farasi alipona, alikaa bandani wiki sita, bado ana kovu refu la rangi ya waridi manyoya hayajaota. Mwenyewe amemnunulia nguo ya rangi ya chungwa ya kufunika mgongo na yeye jaketi na kofia ya rangi hiyohiyo. Msimu wa bunduki mwindaji wa swala analazimika kuvaa inchi za mraba 250 za rangi hiyo kichwani, kifuani na mgongoni, nikamwambia na wewe vaa hivyohivyo. Tumeandika barua kwa tume, ukurasa mmoja. Hatujaomba warudishe katazo, tumeomba Jumapili mbili za Oktoba ziachwe bila bunduki kwenye ardhi zenye njia za farasi, na ratiba ibandikwe pale maegesho ya trela ambapo mpandaji ataiona kabla hajamshusha farasi. Mume wake naye amesaini, akaandika namba yake ya leseni ya uwindaji chini ya jina.