Je, wajua kwa nini sarafu ya kidijitali "haivuki" daraja?

Ukiwa Mombasa unafanya kazi za mtandaoni na kulipwa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, mteja atakuuliza: nikutumie kwa mtandao wa Tron au wa Ethereum? Anwani za Tron huanza na T, za Ethereum na 0x. Sarafu ni ileile, inafuata dola ileile, ila huwezi kuirusha tu kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Mbona?

Kwa sababu sarafu si kitu cha kubebwa. Ni mstari tu kwenye daftari, na kila blokucheni, yaani mtandao wa kompyuta zinazotunza rekodi kwa pamoja, ina daftari lake. Kompyuta za Bitcoin, iliyoanza 2009, hukagua daftari la Bitcoin basi. Ethereum ilipozaliwa 2015, Bitcoin haikupata habari, na mpaka leo haina.

Hapo ndipo daraja linapoingia, na linafanya kazi kama hawala. Unamwachia wakala fedha Mombasa, mwenzake Dubai anamlipa ndugu yako; noti zenyewe hazipandi ndege. Daraja nalo huifungia sarafu yako upande huu, kisha upande wa pili hutolewa tokeni ya kuiwakilisha. WBTC, iliyoanza 2019, ni bitcoin iliyowekwa amana, na tokeni yake inazunguka Ethereum. Ukitaka bitcoin yako, tokeni inafutwa kwanza.

Sasa swali lenyewe: nani anauambia upande wa pili kwamba mali kweli imefungiwa? Daraja la Ronin liliwategemea wathibitishaji 9 wanaotia saini kuidhinisha utoaji wa mali, na saini 5 zilitosha. Machi 2022 wadukuzi walizipata hizo 5, wakachota etha (sarafu ya Ethereum) 173,600 na USDC (sarafu nyingine inayofuata dola) milioni 25.5, jumla zaidi ya dola milioni 600. Zikapita siku sita kabla ya yeyote kugundua, tena ni kwa sababu mteja mmoja alishindwa kutoa etha zake 5,000! FBI iliwataja Lazarus, kundi la wadukuzi wa Korea Kaskazini. Mwezi mmoja kabla, daraja jingine, Wormhole, liliibiwa bila ufunguo wowote wa siri wa kutia saini kuguswa: programu ilidanganywa kuwa saini zimekaguliwa, ikatoa tokeni za etha 120,000 ambazo hazikuwa na amana yoyote nyuma yake.

Kwangu mimi, njia ya Cosmos, mtandao wa blokucheni zinazounganishwa, ina akili zaidi. Katika mfumo wake wa mawasiliano, IBC, ulioanza kazi 2021, kila blokucheni hutunza muhtasari wa daftari la mwenzake na kukagua ushahidi wenyewe. Wanaopeleka ujumbe ni matarishi tu; wakighushi, hesabu inawakataa. Taabu ni kwamba ukaguzi huo kwenye mitandao kama Ethereum una gharama kubwa, na Bitcoin haikuundwa kwa kazi hiyo.

Wengi, hata hivyo, hawapiti daraja lolote. Wanaingiza USDT ya Tron kwenye soko la sarafu na kutoa ya Ethereum. Soko lina akiba pande zote mbili, linabadilisha tarakimu kwenye vitabu vyake na kukata ada yake.