Ameitikia, lakini ameelewa? Dhana potofu kuhusu uelewa wa afya

Dhana: Msomi hahitaji kuelezwa.
Hii ndiyo imeota mizizi kuliko zote. Kusoma maelekezo ni jambo moja, kuyafanyia kazi ni jingine. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2006, wagonjwa walionyeshwa lebo inayosema wameze vidonge viwili mara mbili kwa siku. Miongoni mwa wenye uwezo mdogo wa kusoma, takriban asilimia 71 waliyasema maelekezo hayo sawasawa. Walipotakiwa kuhesabu vidonge vya siku nzima, ni asilimia 35 tu walioonyesha vinne. Na wenye vyeti wasijidanganye: mhandisi hodari anaweza kutoka kliniki akiamini presha ya 150 kwa 95 ni ya kawaida kwa umri wake.

Dhana: Nikiugua nitajisikia.
Presha ya kupanda mara nyingi haina dalili yoyote. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu nusu ya watu wazima walio nayo hawajui kwamba wanayo. Maumivu humpeleka mtu hospitali bila kushauriwa na yeyote, ila kwenye kinga hakuna kinachouma. Asiyejua kwa nini apimwe akiwa mzima, hapimwi.

Dhana: Nimechanjwa, kwa hiyo vipimo vya nini tena?
Chanjo ya HPV hukinga aina za virusi zinazosababisha saratani nyingi za mlango wa kizazi, lakini si aina zote. Aliyechanjwa bado anahitaji uchunguzi umri ukifika. Majibu safi nayo si kinga ya maisha, ndiyo maana kipimo hurudiwa.

Dhana: Mgonjwa akiitikia, ameelewa.
Hapa lawama naiweka kwa sisi tunaotoa huduma. Ukimuuliza mtu "Umeelewa?" atasema ndiyo, hasa akiona foleni nje ya mlango. Swali bora ni: "Nataka kujua kama nimeeleza vizuri. Kesho asubuhi utaanzaje na dawa hizi?" Akikosea, rudia kwa maneno mengine, kisha muulize tena.

Mgonjwa naye ana haki ya kugeuza meza: presha yangu imesoma ngapi, ilipaswa kuwa ngapi, nirudi lini? Majibu ya maswali hayo yaandikwe kwenye karatasi aondoke nayo.